Asnakech, Mbeba Habari za Msiba

Kwetu Dessie, huku Ethiopia, mtu akifiwa na ndugu aliye mbali haambiwi kwa simu. Anayemwambia mwenzake kwa simu ni mtu asiyelelewa, na mimi nina shemeji ambaye sisemi naye mpaka leo kwa sababu hiyo. Mfiwa huambiwa nyumbani kwake, alfajiri, akiwa amelala na amekula, na watu wa kumshika wakiwa wameshasimama mlangoni. Ndiyo tunaita merdo. Na katika chama chetu cha maziko, Wakristo na Waislamu pamoja, kazi ya merdo ilikuwa ya Asnakech.

Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, sauti imekwaruzwa na moshi, anapika injera, mikate yetu mipana ya chachu, za kuuza kwenye mikahawa ya barabara kuu. Hakuna aliyemteua. Mumewe alipokufa akiwa safarini, habari aliletewa sokoni na binamu mlevi, akaanguka katikati ya magunia ya vitunguu, nguo imepanda mapajani, watu wanamtazama. Alipoinuka kutoka matanga alimwambia mwenyekiti wetu, Gashe Tekola fundi cherehani, kwamba hakuna mtu mwingine wa mtaa huu atakayeangushwa namna ile akiwa yeye yupo hai. Tangu hapo akawa anatangulia mbele, na sisi nyuma yake.

Alitufundisha kwa ukali. Mdomo, alisema, hata kasuku anaweza kufundishwa. Shida ni kiwiliwili. Basi usiku wa kuamkia merdo anatupanga jikoni kwake kama watoto wa madrasa.

"Zeynu, mikono!" Mimi nikificha jambo hufumbata mikono tumboni, sijui kwa nini.

"Gashe Tekola, na hilo koo lako! Unakohoa kama mbuzi anayepelekwa kuchinjwa. Mtu atajua kabla hujafika getini."

Gashe anacheka, halafu anakohoa tena.

Mitandio yetu myeupe ina pindo la rangi. Siku za kawaida pindo linaning'inia chini. Siku ya msiba unaugeuza, pindo linakuja shingoni. Ukionekana njiani pindo liko shingoni, kila unayepishana naye atauliza nani amekufa. Kwa hiyo Asnakech alitaka twende pindo likiwa chini, tuongee njiani habari za bei ya kitunguu, tugeuze mitandio mlangoni, wote kwa pamoja. Mfiwa anafungua, anaona pindo, anaelewa. Neno linafuata baadaye, taratibu, mtu akiwa ameshashikwa mikono yote miwili.

Na kama katika siku za kungoja mfiwa akikuuliza habari za yule mtu wake, jibu lilikuwa moja, tumelikariri: "Yuko salama, nimesikia habari zake juzi." Basi. Usiongeze. Usiape hata kidogo, maana muongo ndiye mwenye haraka ya kuapa.

Asnakech alikuwa na watu wawili tu duniani. Wa kwanza ni kaka yake, Ayalew, aliyembeba mgongoni mwaka wa njaa kutoka kijijini mpaka barabara ya Dessie, baba na mama wakabaki njiani. Ayalew alikuwa amehamia Humera kwenye mashamba ya ufuta, ana mke, Enanu, ambaye Asnakech hajawahi kumwona, na watoto. Wa pili ni binti yake wa pekee, Wubit, aliyekuwa Beirut akifanya kazi katika nyumba ya watu. Wubit alipiga simu mara moja kwa mwezi, mwenye nyumba akimpa ruhusa.

Masika yale Wubit hakupiga. Mwezi ukapita, ukaingia mwingine. Asnakech akashona kifuko cha kitambaa, akatia simu, akaivaa shingoni kama hirizi. Alikuwa akipika injera kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kifuko.

Katika hali hiyo ndipo Gashe Tekola alipopigiwa simu kutoka Humera. Ayalew amekufa kwa homa, ameshazikwa huko huko. Mjane wake, Enanu, alikuwa analia kwenye simu, akaomba jambo moja: Asnakech asiambiwe mpaka yeye mwenyewe afike Dessie na watoto. "Sina ndugu huku," alimwambia Gashe. "Nimelia peke yangu kwa wageni. Nataka nilie na mtu wa damu yake. Nioneeni huruma, mnisubiri."

Nani angemkatalia? Tulikutana dukani kwa Gashe, tukakubaliana kungoja. Mvua zilikuwa zimekata barabara, basi la Enanu limekwama huko nyuma ya Gondar. Gashe akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mnajua tunamficha nani, lakini?" Tulijua.

Kosa la kwanza tulilifanya siku ileile, nalo lilikuwa wema. Mtu wetu akiwa na msiba asioujua, sisi tunaanza kumhurumia mapema, hatuwezi kujizuia. Jirani aliyegombana naye miaka kwa ajili ya maji ya mferejini alimrudishia chekecheo lake, limeoshwa. Mwenye mkahawa akamwongezea pesa ya injera bila kuombwa. Mimi nikampelekea pilipili ya kusaga kibaba kizima, bure, mimi Zeyneba ambaye namuuzia hata mama yangu.

Asnakech alichoma buni, akatwanga, akaiweka jebena, birika la udongo, motoni. Tukamaliza kikombe cha kwanza. Kwenye cha pili akaniuliza, akitazama makaa:

"Chekecheo langu limerudi, Zeynu. Umesikia?"

"Labda ameona haya."

"Yule? Haya?" Akacheka kidogo, kisha cheko likakatika. "Zeynu. Wubit mzima?"

Laiti ningevuta pumzi tu! Sisi mtu akiulizwa jambo la kweli, la kawaida, hasemi ndiyo. Anavuta pumzi ndani kama aliyeshtuka, basi, imekwisha. Lakini mdomo wangu ulikuwa umefunzwa, ukajifungulia wenyewe:

"Wubit yuko salama, nimesikia habari zake juzi."

Aliweka kikombe chini. Kahawa ikamwagika kwenye sahani.

"Hayo maneno ni yangu," alisema.

"Etiye, dada yangu, wallahi nakwambia, Wubit yuko hai!"

"Na sasa unaapa." Akatazama tumboni kwangu. Nikatazama na mimi. Mikono yangu ilikuwa imefumbatana pale, imeshikana kama wezi wawili. "Dada yako nimekufundisha miaka yote hii, Zeynu, na hujajua hata hilo."

Nilitoka mle ndani, nikaenda moja kwa moja dukani kwa Gashe Tekola. Nilimkuta anapima suruali ya mtu, nikamfukuza mteja.

"Gashe, anamwomboleza mtu ambaye hajafa! Twende tukamwambie si Wubit, basi, neno moja tu."

"Halafu akiuliza ni nani?"

"Tunamwambia hakuna."

"Ameshaona kwamba yupo, Zeyneba. Umemwona mwenyewe. Ana watu wawili duniani. Ukimtoa mmoja, wa pili umeshamtaja." Akakohoa. "Na yule mjane yuko njiani na watoto. Nimempa neno langu."

"Na Asnakech akifa kwa presha kabla ya mjane kufika, utampa nani neno lako?"

Gashe alichukua mkasi, akakata kitambaa mahali pasipostahili kukatwa.

Tulijaribu Beirut. Gashe alikuwa na namba ya ile nyumba aliyofanyia kazi Wubit, tukapiga, ikaita mpaka ikachoka. Tukapiga kesho yake, hivyo hivyo. Na hapo, nisiseme uongo, hofu ikaniingia mimi pia. Nilikuwa nimeapa kwa Mungu kwamba mtoto yuko hai, na mimi nimejuaje? Nilijua tu kwamba habari iliyotufikia ilikuwa ya mtu mwingine.

Asnakech akaacha kula. Si kwa hasira; alikuwa anajua sheria za merdo, na sheria inasema mfiwa lazima awe amekula. Akaona kumbe akikaa na njaa hatuwezi kumjia. Tukampelekea chakula, kila mmoja na bakuli lake, Wakristo na lao na sisi na letu, na yeye anatabasamu, anashukuru, anasema atakula baadaye. Mbwa wa mtaa wetu hawajawahi kunenepa kama wiki ile.

Kisha akaanza kutoroka. Merdo humkuta mtu nyumbani kwake, alfajiri. Basi yeye alfajiri hakuwa nyumbani. Kabla ya adhana keshatoka, yuko njiani na ukungu wa Mlima Tossa, mtandio umefunika kichwa. Siku moja alikaa uani mwa kanisa hadi jua likatoka. Siku nyingine alizunguka kituo cha mabasi kama msafiri. Nilimfuata, nikamkuta kwenye mashine ya kusaga, amekaa juu ya gunia lisilo lake, vumbi la unga limempaka usoni mpaka amekuwa mweupe kama maiti, Mungu anisamehe.

"Rudi nyumbani, Etiye. Utaugua."

"Wako nyumbani?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto, Zeynu. Gashe na wenzake."

"Hakuna mtu. Nakuapia... hakuna mtu."

Mashine ilikuwa inaunguruma, ilibidi tupaze sauti, watu wawili wazima tunapigiana kelele za siri. Alinivuta karibu, mdomo wake sikioni mwangu.

"Nimewapelekea watu wengi," alisema. "Unajua nilichokiona? Mpaka dakika ile unapofungua mdomo, yule mtu wao bado yupo. Anakuja likizo, anadaiwa barua, amekasirika, yupo. Mimi ndiye nilikuwa namuua, kwa ulimi huu. Sasa mwache Wubit wangu. Mniache naye kidogo."

Machozi yalikuwa yanapasua njia kwenye ule unga. Nikasema moyoni potelea mbali, potelea mbali mjane, na Gashe, na neno lake. Huyu anakufa mbele yangu kwa msiba usio wake. Nikamshika mabega.

"Etiye, nisikilize. Si Wubit. Ni..."

Akanipiga kiganja mdomoni. Hakunipiga kwa kuniumiza. Alinifunika, kwa nguvu zote, kiganja kigumu cha mpika injera, kimechacha kwa unga. Meno yalinichoma midomo kwa ndani. Macho yake yalikuwa yananisihi kama ya mnyama. "Usiseme," alisema. "Usiseme, usiseme, usiseme." Na mimi nyuma ya kiganja kile nilikuwa na neno la kumtua mzigo mmoja na kumtwika mwingine, nikalimeza pamoja na ladha ya chachu.

Enanu aliwasili jioni moja ya mvua, tukamficha kwa Gashe. Mwanamke mrefu, amekauka kwa safari, watoto wamelala juu ya mabegi. Mkewe Gashe alimwekea chakula, hakugusa. Aliuliza swali moja tu: "Asnakech anafanana naye?" Tukamwambia wanafanana, hasa paji la uso. Akafunika uso wake, akalia kwa mara ya kwanza tangu afike, na nadhani ilikuwa kwa furaha kwamba kesho angeuona uso ule.

Tulijua Asnakech hutoka mapema, basi tulimuwahi. Tulipanga mstari ukutani kwake, ukungu umejaa, hakuna aliyeongelea vitunguu. Hakukuwa na wa kutuambia kichwa cha nani kimeinama, mikono ya nani imefumbatana. Yule aliyekuwa akitangulia ndiye alikuwa ndani. Gashe Tekola akakohoa. Tukageuza mitandio, pindo shingoni, na papo hapo mlango ukafunguka: Asnakech, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, anatoroka.

Alituona.

Sitaki kuieleza sauti ile. Alipiga kifua kwa ngumi, akaita jina la mwanawe, akaita tena, "Wubit! Wubit wangu! Mama yako nilikutuma mimi! Mikono yangu ndiyo ilikufungia mizigo!" Akajirusha chini kwenye tope. Watu wanne tulimshika, akatushinda. Gashe alikuwa ameanza yale maneno ya taratibu, Mungu ametoa na Mungu ametwaa, hakuna aliyemsikia. Kila akitamka, Asnakech anapiga yowe juu yake. Pindo letu lilikuwa limeshamwambia kila kitu isipokuwa jina, na jina alikuwa nalo lake.

Mwishowe Gashe, mzee mpole yule, akapiga kelele kama dalali:

"Si Wubit! Asnakech! Ni Ayalew! Kaka yako Ayalew!"

Asnakech akanyamaza. Tope linamchuruzika kidevuni. Alimtazama Gashe kooni, akatutazama wote mabegani na magotini, jinsi alivyokuwa akitukagua jikoni kwake. Kisha akanigeukia mimi.

"Wubit mzima?"

Safari hii nilivuta pumzi ndani. Mikono yangu ilikuwa imemshika kiunoni, ilikuwa haina pa kujificha. Na aliniamini, nilihisi mwili wake wote ukiniamini.

Alisimama. Mikono ikapanda juu, viganja wazi mbinguni, kichwa kikarudi nyuma, na kikamtoka kigelegele. Kirefu, safi, cha harusini, cha mtoto wa kiume amezaliwa. Kikatoka kingine. Alikuwa anacheka na kulia na kupiga vigelegele, anazunguka, kiatu bado mkononi, "Ahsante Mungu, ahsante, ahsante," na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumziba mdomo.

Enanu alikuwa amesimama nyuma yetu, mtoto mdogo mgongoni, mkubwa ameshika nguo yake. Alikuwa ameshanyoosha mikono kumkumbatia wifi yake. Aliishusha polepole.

Sijui ni nani aliyemgusa Asnakech bega. Aligeuka, akaona mwanamke asiyemjua, pindo shingoni, na watoto wawili wenye paji lake la uso. Kigelegele cha tatu kikamkatikia kooni. Aliweka viganja vyote viwili mdomoni, lakini saa ile vilikuwa vya nini tena?

Baada ya hapo aliomboleza kama inavyopaswa, na zaidi. Wanawake wa Wollo, jimbo letu, wanajua kutunga maneno ya kilio, na Asnakech aliwashinda wote; alimwimbia Ayalew mwaka wa njaa, mgongo wake, nyayo zake zilizopasuka, mpaka wanaume wazima walitoka nje ya hema la msiba kujifuta. Yalikuwa ya kweli, kila neno. Nilimjua, alimpenda kaka yake kuliko roho yake. Enanu alikaa kwenye mkeka mkabala naye, akasikiliza yote, akaitikia pale pa kuitikia.

Siku ya matanga kumalizika, simu kwenye kile kifuko ikalia. Ni Wubit, amehamishiwa nyumba nyingine, simu yake ilikuwa imechukuliwa. Asnakech akaipokea palepale, hakuwa na pa kwenda, watu wamejaa. Alikuwa anavuta pumzi tu: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Uso ameukaza kama jiwe, vidole vya miguu vinacheza chini ya nguo. Enanu alikuwa anavitazama vile vidole.

Mchana chakula kikaletwa, sinia moja, dengu, maana ilikuwa siku ya mfungo wa Wakristo, hawali nyama. Asnakech akasogea kwa magoti mpaka mbele ya wifi yake.

"Enanu, mwanangu. Sina cha kusema. Nilidhani ni mtoto wangu. Kama una moyo, nisamehe."

"Nimekusamehe, Etiye," alisema Enanu. Sauti ilikuwa nyororo, haina kinyongo hata chembe. "Wewe ni mama. Mimi pia ni mama. Nimekusamehe."

Tukashusha pumzi, sote. Asnakech alikata kipande cha injera, akakichovya, akakikunja vizuri, tonge kubwa la upendo, akampelekea mdomoni, kama tunavyolishana watu wa nyumba moja.

Enanu alimtazama bila ubaya. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Asnakech alingoja, mkono hewani, mchuzi unamtiririka kwenye kifundo mpaka kwenye kiwiko, na sote pale hemani tukaangalia pembeni.